Habari za Dansi na Mitindo Yake

Wimbo wa zamani wa Morogoro Jazz au wa Cuban Marimba ukipigwa leo katika redio, sisi vijana twasikia magitaa, saksafoni na sauti za waimbaji. Kitu kimoja hatukisikii, nacho ndicho kilichowatoa watu majumbani mwao Jumamosi usiku na kuwafanya walipe kiingilio: miguu. Nyimbo zile zilitungwa zichezwe. Kila bendi ilikuwa na namna yake ya kuchezwa, na namna hiyo ilipewa jina, ikaitwa mtindo. Majina ya mitindo tunayo mengi. Hatua zenyewe zatutoka mwaka kwa mwaka, kadiri wazee wanaozijua wanavyopungua. Katika kurasa hizi nitaeleza dansi ilitoka wapi, ilichezwaje, na iliacha nini nyuma yake.

Kwanza yafaa tutenganishe dansi na ngoma, maana wengi wetu huyachanganya. Ngoma huchezwa uwanjani, na huwa na sababu yake: mavuno, arusi, unyago au matanga. Hailipiwi kiingilio, nayo ni mali ya watu wa mahali. Sangula ya huku kwetu Kilombero na Mahenge ni ngoma ya namna hiyo. Mtoto huijua kwa kuwaona wakubwa wakiicheza, wala hakuna anayemfundisha kwa makusudi. Dansi ni jambo la ukumbini. Hulipiwa mlangoni, huanza kwa saa iliyotangazwa, hupigwa kwa vyombo vya kigeni, na nyimbo zake huimbwa kwa Kiswahili ili Mpogoro, Mndamba, Mluguru na Mhehe wapate kucheza pamoja bila ya mmoja kuwa mgeni wa mwenzake. Neno lenyewe ni la Kiingereza lililovaa nguo ya Kiswahili, kama yalivyo maneno bendi na klabu.

Lakini dansi haikuzaliwa siku moja, na katikati yake na ngoma palikuwa na kitu kiitwacho beni. Beni ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890 na kuendelea. Vijana waliwatazama askari na mabaharia wa Kizungu wakipiga tarumbeta na kwenda kwa gwaride, wakaichukua namna ile na kuifanya mchezo wao. Walikuwa na wafalme wao, majenerali wao na madaktari wao, kila mtu na cheo chake na nguo zake. Huku Tanganyika beni mbili zilipata sifa kuliko nyingine zote, Marini na Arinoti, na vita vya 1914 hadi 1918 vilizieneza mbali sana na pwani, kwa maana askari na wapagazi walikwenda nazo kila walikopelekwa. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya mambo haya, kilichotoka mwaka 1975. Jambo kubwa alilolionyesha ni kwamba beni haikuwa upuuzi wa kuwaiga Wazungu. Ilikuwa chama. Mwanachama akifiwa, wenzake walimzikia; akifika mji wa kigeni, aliwatafuta watu wa beni yake, nao wakampa mahali pa kulala.

Dansi ilikuja baada ya beni, na waliokwenda nayo mbele walikuwa vijana waliosoma kidogo: makarani, watumishi wa reli, walimu, madereva. Wao waliiona beni kuwa ya kizamani. Walitaka walsi na foksitroti, na walijifunza kwa santuri. Kisha, tangu mwaka 1933, zikaanza kutolewa santuri zilizoitwa G.V., zenye muziki wa Kuba, nazo ziliuzwa kote Afrika Mashariki na Kongo. Hapo rumba iliingia, na haikutoka tena. Ukitafakari utaona kwamba hapana ajabu. Muziki ule ulichukuliwa Kuba na watumwa waliotoka Afrika, ukachanganyika na wa Wahispania, kisha ukarudi kwetu katika kasha la santuri. Watu waliupokea kama mjomba aliyepotea siku nyingi.

Mkoa wetu wa Morogoro una sehemu yake kubwa katika habari hii. Mji wa Morogoro, ambao watu huuita mji kasoro bahari, ulikuwa na bendi mbili zilizojulikana hata nje ya nchi. Morogoro Jazz ilianza katika miaka ya 1940. Nayo Cuban Marimba ilikuwa bendi ya Salum Abdallah, mzaliwa wa mji huo huo, ambaye mwaka 1948 alianzisha kikundi kilichoitwa La Paloma, na baadaye akakipa jina lile lililojulikana zaidi. Kwa jina tu wajua mapenzi yake yalikuwa wapi. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiongoza bendi baada yake. Wakati huo huo upande wa pili, Morogoro Jazz, alikuwa ameinuka kijana Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa ambaye mpaka leo bado hajapata wa kulinganishwa naye, kwa maoni yangu. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani kupiga katika maonyesho makubwa ya Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka alitoka, akaanzisha Super Volcano. Naye pia barabara ilimchukua, Januari 1979, huko Mombasa.

Mji mmoja, bendi mbili: mtu wa Morogoro wa siku zile alikuwa wa huku au wa kule, kama ilivyo leo kwa Simba na Yanga, na kama ilivyokuwa zamani kwa Marini na Arinoti. Ushindani huu ndio uliozaa mitindo.

Na bondeni kwetu? Dansi hufuata mshahara. Ukumbi hauwezi kuishi kwa watu wanaopata fedha mara moja tu kwa mwaka baada ya kuvuna mpunga. Wahitaji watu wenye mwisho wa mwezi. Huku kwetu watu hao waliongezeka sana kiwanda cha sukari cha Kilombero kilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakaja wafanyakazi kutoka kila upande wa nchi. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hadi 1975, ikapita Ifakara na Mlimba. Watu waliokuja na kazi hizo walikuja na nyimbo zao pia. Na asiyefikiwa na bendi alifikiwa na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na baada ya uhuru Radio Tanzania ilizirekodi bendi zenyewe katika studio yake na kuzitangaza nchi nzima. Mtu wa Malinyi, hata masika yakiwa yamefunga njia zote, aliweza kuujua wimbo mpya wa Dar es Salaam. Ila redio haina picha, nasi tutalirudia jambo hili.

Sasa tuingie ukumbini. Katika dansi za mwanzo mwanamume alivaa suti na tai, hata kama suti ile ilikuwa ya kuazima, na mwanamke alivaa gauni na viatu vya kisigino. Mwanamume alikwenda mpaka alipokaa mwanamke, akainama kidogo, akamwomba. Wawili hao walishikana, wakazunguka ukumbi pamoja na wengine wote kwa kwenda upande mmoja, kinyume cha mwendo wa saa, ili wasigongane. Hatua zilihesabiwa. Wimbo ukiisha, alimrudisha kwenye kiti chake na kumshukuru. Wazee wengi walichukizwa, kwa maana katika ngoma nyingi wanaume walikuwa na safu yao na wanawake yao. Kumshika mke au binti ya mtu kiunoni mbele ya watu lilikuwa jambo ambalo hawakupata kuliona. Vijana walijibu kwamba huo ni ustaarabu. Mimi naona kila upande ulikuwa na hoja, na kwamba mwanamke aliyetoka kucheza aliamua jambo moja ambalo katika mambo mengine ya maisha yake hakuulizwa sana: alikuwa na haki ya kukubali au kukataa anayemwomba.

Kadiri miaka ilivyokwenda, nyimbo zilirefuka na umbo lake likabadilika. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980 una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya maneno, tena maneno mazito: mume aliyemwacha mkewe, deni, ugomvi wa mashemeji, kifo. Hapo watu hucheza polepole wakiwa wawili wawili, huku wakisikiliza, maana mashairi yale yalikuwa na mafunzo na mafumbo, na kesho yake yangejadiliwa kazini. Kisha magitaa hubadili mwendo, ngoma huongeza kasi, waimbaji huacha kisa na kubaki na maneno machache ya kuitikiana, na tarumbeta huingia. Sehemu hii huitwa chemko, na kweli ni kama maji yaliyofika kuchemka. Wawili waliachana mikono. Kila mtu alisimama kwa miguu yake, wakajipanga safu au wakafanya duara, na hapo ndipo mtindo ulipoonekana. Kwa hiyo wimbo mmoja ulianza Ulaya na kumalizika uwanjani kwa babu.

Mtindo ulikuwa kama bendera ya bendi. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa na Msondo. Western Jazz walikuwa na Saboso. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, walikuwa na Sikinde. Orchestra Maquis, waliotoka Kongo wakaja kukaa Dar es Salaam, walileta Kamanyola, na wapenzi wao waliongeza maneno "bila jasho", yaani huo ni mtindo wa kujidai bila kuhangaika. Wanamuziki walipohama bendi, mara nyingi mtindo mpya ulitangazwa ili watu wajue kwamba mambo ni mapya. Muhidin Gurumo na wenzake walipotoka Mlimani Park mwaka 1985 na kwenda Safari Sound, mtindo wa huko uliitwa Ndekule. Tazama jambo moja hapa: Msondo na Sikinde ni majina ya ngoma za Wazaramo. Bendi zenye magitaa ya umeme zilikwenda kutafuta majina, na pamoja na majina mapigo na mitikisiko, katika ngoma za jando na unyago.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipohutubia akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, alitangaza wizara mpya ya utamaduni, na akalalamika kwamba wengi wetu tulifundishwa rumba, chachacha na walsi lakini hatuwezi kucheza gombe sugu, mganda au lele mama, na wengine hata hawajapata kuzisikia. Lilikuwa lalamiko la haki, na shule zilikuwa na lawama yake. Lakini katika orodha ya Mwalimu mna mganda, na mganda wenyewe, kwa uchunguzi wa wanahistoria, una uhusiano na beni, na beni ilitoka katika gwaride la wakoloni. Kitu kilichokuwa cha kigeni kwa babu kilikuwa cha asili kwa mjukuu. Bendi, kwa upande wao, zilikuwa zikiirudisha ngoma ukumbini kwa mlango wa nyuma.

Si kila muziki uliopokelewa kwa upole. Mwaka 1969 muziki wa soul wa Wamarekani weusi ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam. Vijana wakati huo walikuwa wakipenda madansi ya mchana yaliyoitwa bugi, na wakubwa waliogopa kwamba yangewaharibu na kuwatoa masomoni. Wazazi wanaosoma ukurasa huu huenda wakatabasamu, kwa maana hofu ile ile wanayo leo.

Tena tusisahau kwamba vyama vya wachezaji vilifanya kazi ambayo hotuba hazikuweza. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuwa kiongozi, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba mjini Dar es Salaam. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, yeye aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakaja na watu wao. Vikundi vilikuwa tayari na uongozi, na michango, na tabia ya kukutana kila juma. Chama hakikuwa na haja ya kuvijenga upya.

Nchi za mbali nazo zina habari za kufanana na hizi. Katika mji wa Chicago, Marekani, palifunguliwa mwaka 1977 ukumbi ulioitwa Warehouse, maana yake bohari. Hapakuwa na bendi. Alikuwapo mtu mmoja na mashine mbili za kupigia santuri, Frankie Knuckles. Waliokuja walikuwa wengi wao vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wengi walikuwa watu ambao kumbi nyingine hazikuwakaribisha, wengine kwa rangi yao, wengine kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Walicheza mpaka asubuhi ya Jumapili. Knuckles alikuwa akichukua ile sehemu ya santuri ambayo mwimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake, akairefusha kwa kupokezana mashine moja na nyingine. Ni ile ile chemko yetu! Wao hawakutujua wala sisi hatukuwajua, lakini miguu iliomba kitu kile kile, nacho kikapatikana. Kutokana na jina la ukumbi ule muziki wake ukaitwa hausi. Una mapigo kama 120 kwa dakika, mazito na ya sawasawa, na dansi yake ya kwanza ilikuwa ya kiwiliwili chote kwenda mbele na nyuma kama wimbi, bila kuhitaji mwenza. Huko nako walikuwapo wasiopenda. Julai 12, 1979, katika kiwanja cha michezo cha mji huo huo, santuri za disko, ambazo ndizo zilizokuwa zikichezewa Warehouse, zililipuliwa kwa baruti mbele ya watu maelfu. Muziki haukufa, watoto wa kumbi zile walianza kuutengeneza wenyewe kwa mashine za ngoma za bei nafuu, na leo hausi huchezwa dunia nzima, hata Afrika ya Kusini ambako umekuwa kama wa kwao.

Kwetu pia mashine za bei nafuu zilizaa kitu. Katika mitaa ya Dar es Salaam watu wasioweza kununua magitaa na tarumbeta walipata vinanda vidogo vya umeme, wakapiga mchiriku, na kutoka katika mchiriku ukaja singeli, unaokimbia kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Kwa kasi hiyo hakuna wa kushikana na mwenzake. Singeli imefika Ulaya, na hapa Ifakara hakuna sherehe isiyoipiga. Mwanafunzi anayedhani kwamba singeli haina ukoo asikilize ngoma zake vizuri, kisha asikilize ngoma za Wazaramo. Atakutana na jamaa wa Sikinde na Msondo.

Tofauti ni kwamba singeli inapigwa picha. Kila hatua mpya inayobuniwa leo huko Manzese, kesho imo katika simu zetu. Dansi haikupata bahati hiyo. Radio Tanzania ilihifadhi sauti katika maelfu ya kanda, na ni hazina kubwa. Lakini Tanzania bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, yaani mpaka wakati ambao Salum Abdallah alikuwa amelala kaburini miaka 29 na Mbaraka miaka 15. Saboso ilichezwaje? Mguu upi ulianza? Mabega yalifanya nini? Mwenye kujibu leo ana miaka 70 au 80, na pengine anakaa Kibaoni au Mlabani, nasi twampita kila siku tukienda shule.

Kuzikusanya hatua hizo si kazi ngumu, na simu moja yenye kamera yatosha. Usimwombe mzee akueleze kwa maneno, maana atakuambia tu kwamba "tulicheza vizuri sana" na habari itaishia hapo. Mpigie wimbo. Chagua ule wa bendi aliyoipenda, na kama alikuwa wa Cuban Marimba usimletee Morogoro Jazz. Weka kiti karibu ili ashike mgongo wake akichoka. Piga picha ya miguu kwanza, uso baadaye, na uandike jina la mtindo, mahali alipojifunzia na mwaka. Mkimpata na bibi aliyekuwa akicheza naye, au bibi yeyote wa rika lake, bora zaidi, kwa maana hatua za mwanamke hazikuwa sawa na za mwanamume. Nusu ya kwanza ya wimbo huenda asisimame kabisa, atakaa akisikiliza maneno. Msiuzime wimbo kwa kudhani kwamba amekataa. Ngojeni chemko.